Mapambo ya Mbao ya Halloween: Kazi ya Fundi Kabla na Baada ya Leza

Hotuba kwa mafundi wa mbao, vikundi vya vijana na vikundi vya akina mama



Kikundi kinachofikiria kununua mashine ya leza ya kukata mbao, kwa akiba ya chama au kwa mkopo, kina maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: mashine hiyo itakata nini, na nani atanunua?

Jibu mojawapo ni mapambo ya Halloween, sikukuu inayoadhimishwa Marekani, Canada, Ireland na Uingereza jioni ya tarehe 31 Oktoba. Mapambo haya ni vipande vyembamba vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la malenge lenye macho na meno, popo, paka mweusi, bundi, kofia ya mchawi au nyumba ya mizuka. Hupakwa rangi, kisha hutundikwa mlangoni, dirishani au hupangwa kwenye rafu. Ukiyatazama huoni ugumu wowote. Ugumu uko mahali ambapo wengi hawautazamii: kwenye mchoro, kwenye moshi, kwenye rangi na kwenye kalenda.

Sikukuu yenyewe ni nini

Jina Halloween limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Wakristo wengi wa hapa wanaijua sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, na siku ya kuwaombea marehemu ya tarehe 2 Novemba. Huko Ireland na Scotland, mkesha huo ulichanganyika na desturi za zamani za kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi na giza. Watu walichimba ndani ya tanipu, mzizi mnene wa shambani, wakautoboa macho na mdomo na kuweka taa ndani. Hadithi yao ilisema kwamba mtu mmoja mjanja aitwaye Jack alikataliwa mbinguni na motoni pia, akabaki kuzurura gizani na taa yake.

Njaa kubwa ya viazi ya 1845 hadi 1852 iliwasukuma watu wengi wa Ireland kuvuka bahari hadi Amerika. Kule walikuta malenge, ambayo ni makubwa na ni rahisi zaidi kuchonga kuliko tanipu. Ndipo malenge likawa uso wa sikukuu hiyo, na rangi yake ya machungwa ikakaa pamoja na nyeusi ya usiku.

Kuna kisa kimoja kinachofaa kusimuliwa kwa wakazi wa kaunti yoyote. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, vijana waliutumia usiku wa Halloween kwa utundu, hata ng'ombe wa watu wakafunguliwa na kuzurura katika barabara kuu. Mwaka 1920 viongozi wa mji waliamua kuwapa vijana gwaride na sherehe ya kuwashughulisha. Utundu uligeuzwa kuwa tukio la mji mzima, na hadi leo Anoka hujiita makao makuu ya Halloween duniani.

Kwa wakazi wengi wa hapa, bundi si pambo. Bundi akilia juu ya paa, kuna wazee watakaokosa usingizi. Ulaya ya zamani nayo ilimwogopa bundi, na ilimwogopa paka mweusi vilevile. Halloween huchukua vitu hivyo vya kutisha na kuvifanya vya kuchekesha. Fundi halazimiki kuiadhimisha sikukuu hiyo, na asiyetaka kuitengenezea kitu kwa sababu ya imani yake ana haki hiyo. Mashine ileile hukata nyota za Krismasi na hilali za Idd. Lakini anayeamua kuifanya kazi hii lazima amwelewe mnunuzi. Mnunuzi anataka hofu kidogo na kicheko kingi. Popo mwenye sura mbaya kupita kiasi hukaa dukani. Popo mwenye macho ya mshangao hununuliwa.

Kutoka kadibodi hadi mbao

Mapambo ya Halloween yaliyokatwa kwa umbo si jambo jipya. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilianza kutoa kijitabu cha kuwafundisha watu kupamba nyumba kwa karatasi wakati wa Halloween. Baadaye kampuni ya Beistle ya Pennsylvania ikajulikana kwa mapambo ya kadibodi. Ili kukata kadibodi kwa wingi, kiwanda hutengeneza kisu cha chuma chenye umbo la mchoro. Kisu hicho ni ghali, na gharama yake hurudi tu iwapo kitakata maelfu ya vipande. Ndiyo maana kazi hiyo ilikuwa ya viwanda.

Leza iliondoa kisu. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960 huko Marekani, na mwaka 1964 Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India, akavumbua leza ya gesi ya kaboni dioksidi. Aina hiyo ndiyo inayotumika katika karakana nyingi za kukata mbao. Miale yake, isiyoonekana kwa macho, hukusanywa na lenzi mpaka sehemu ndogo sana, na mbao huungua hapo kwa mstari mwembamba. Mchoro ukibadilishwa kwenye kompyuta, umbo jipya hukatwa papo hapo. Kipande cha kwanza hakigharimu zaidi ya cha mia.

Hiyo ni habari njema kwa fundi mdogo, na ni onyo pia. Mlango uliofunguliwa kwake umefunguliwa kwa kila mtu mwenye mashine, awe Ohio, Uchina au Nakuru. Mashine haichagui mkono. Humkatia kila mtu sawasawa. Anayetegemea mashine peke yake hana cha kumtofautisha na jirani.

Kazi ya kwanza: mchoro

Mchoro hutengenezwa kwa programu ya kompyuta inayochora kwa mistari. Inkscape ni mojawapo, nayo hupatikana bila malipo. Kwa kawaida mistari hupewa rangi tofauti ili mashine itofautishe mahali pa kukata, pa kuchora juu juu na pa kuchoma kivuli. Mikato ya ndani, kama macho na meno, hufanywa kwanza, na ukingo wa nje mwisho. Ukingo ukikatwa kwanza, kipande husogea na macho hukaa upande.

Mwanafunzi wa kazi hii hukosea mahali pale pale. Husahau kwamba sehemu iliyozungukwa na mkato huanguka: katikati ya herufi O, au mboni ya jicho la bundi. Lazima kuwe na daraja dogo la mbao la kuishikilia. Hufanya masikio ya popo au miguu ya buibui kuwa myembamba mno; chini ya milimita 2 huvunjika hata kabla ya kupakwa rangi. Hutoboa tundu la uzi karibu sana na ukingo. Na husahau kwamba leza hula mbao kidogo kila inapopita, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.3. Kwa pambo la kutundika si kitu, lakini nyumba ya mizuka inayounganishwa kwa meno italegea.

Lililo kubwa zaidi ni kuchora mchoro wako mwenyewe. Wahusika wa filamu na katuni wana wenyewe kisheria, na mzigo wenye sura zao unaweza kuzuiliwa. Hata michoro ya kununua mtandaoni imenunuliwa na wengine wengi. Historia ya vinyago vya Ukambani inafundisha hapa. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika kaunti ya leo ya Machakos, alianzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kazi hiyo ikalisha familia nyingi hadi Nairobi na Mombasa. Lakini anayetembea katika maduka ya vinyago leo hukuta twiga yuleyule kutoka kibanda hadi kibanda, na mnunuzi hushindanisha bei tu. Popo wa mbao atafuata njia ya twiga huyo iwapo kila kikundi kitapakua faili moja.

Kazi ya pili: mbao na mkato

Mapambo mengi hukatwa kwenye plaiwudi ya milimita 3. Plaiwudi ya matumizi ya ndani ya nyumba hukatika vizuri kuliko ile ya nje, kwa sababu gundi nyeusi ya kustahimili maji hupinga leza na kuacha sehemu zisizokatika. Plaiwudi iliyopinda nayo huharibu kazi, kwa kuwa lenzi imepimwa kwa umbali mmoja. Wakati wa mvua za masika inafaa kulazwa bapa, juu ya sakafu, chini ya kitu kizito.

Moshi ndio unaodai tahadhari kubwa. Mbao zinazoungua pamoja na gundi hutoa moshi unaoumiza mapafu. MDF hukatika kwa urahisi, lakini moshi wake una fomaldehaidi, ambayo wataalamu wa kimataifa wameiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Feni yenye bomba la kutoa moshi nje ni sehemu ya mashine, si ya kununua baadaye pesa zikipatikana. Karakana isiyo nayo haifai kukata hata kipande kimoja, hasa ikiwa iko kwenye nyumba wanamolala watoto.

Mambo mengine manne hayana mjadala. Plastiki ya PVC na ngozi bandia yenye PVC visikatwe kamwe. Hutoa gesi inayogeuka asidi ikikutana na unyevu, nayo hula mapafu ya fundi na vyuma vya mashine. Mbao zilizotiwa dawa ya wadudu zisichomwe. Kifuniko kisifunguliwe leza ikiwaka, kwa sababu miale usiyoiona huweza kupofusha. Na mashine isiachwe peke yake hata kwa dakika ya kupokea simu. Leza ni moto, mbao ni kuni, na feni hupuliza hewa. Kizima moto kiwe karibu na mkono.

Mafundi waliozoea mbao ngumu wajue pia kwamba kazi ya leza haihitaji miti adimu. Muhugu na mpingo zilipungua kwa ajili ya vinyago, na wachongaji wengi wakahamia mwembe, jakaranda na muarobaini. Pambo lenye rangi juu yake halina sababu ya kukata mti wa miaka mingi.

Kazi ya tatu: rangi, mahali pesa ilipo

Chukulia meza ya mashine yenye sentimita 60 kwa 40, na popo wa sentimita 8 kwa 8 wenye nafasi ya milimita 4 kati yao. Wataenea 7 kwa upande mrefu na 4 kwa upande mfupi, yaani popo 28. Chukulia mkato wote unachukua dakika 40. Sasa kila popo afutwe masizi, asuguliwe msasa, apakwe rangi ya chini, rangi mbili za juu, macho na vanishi. Ikiwa kila mmoja atachukua dakika 15 za mkono, jumla ni dakika 420: saa 7 nzima. Mashine imefanya kazi chini ya saa moja, na watu wamefanya saa 7. Kikundi kinachopanga bei kwa muda wa mashine kitakuwa kinafanya kazi ya rangi bure.

Kazi ya rangi ina mpangilio wake. Kabla ya kukata, uso wa mbao hubandikwa karatasi ya gundi ya wapaka rangi ili masizi yasiingie. Baada ya kukata, karatasi hubanduliwa na kipande husuguliwa kwa msasa laini. Ukingo ulioungua hubaki mweusi, na kwa Halloween weusi huo ni faida: huchora mpaka wenyewe kuzunguka malenge la machungwa. Lakini masizi yasipofutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, yataichafua rangi nyepesi, na mzuka mweupe atatoka wa kijivu.

Mbao tupu hunywa rangi, hivyo hupakwa kwanza rangi ya chini. Pande zote mbili zipakwe, kwa sababu plaiwudi nyembamba iliyopakwa upande mmoja hupinda. Rangi ya maji ya akriliki, kwa matabaka mawili membamba, hushinda tabaka moja nene linalojaza meno ya malenge. Pambo la matabaka, kwa mfano nyumba nyeusi mbele ya mwezi wa njano, hupakwa rangi kila kipande peke yake ndipo kiunganishwe kwa gundi nyeupe ya seremala. Sehemu za kugundishwa ziachwe bila rangi. Gundi iliyoshika rangi hubanduka nayo.

Risasi ndani ya rangi ni jambo la afya kwanza na la biashara baadaye. Hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto hutia mdomoni kila kinachoning'inia. Sheria ya Marekani hairuhusu rangi ya matumizi ya nyumbani, wala vitu vya kuchezea, kuwa na rangi yenye risasi inayozidi sehemu 90 kwa milioni. Fundi anunue rangi yenye jina la mtengenezaji na maelezo ya kutokuwa na risasi, atunze kopo na risiti, na asikubali rangi iliyopimwa kutoka kwenye mtungi usio na lebo.

Kalenda haisubiri

Pambo la Krismasi likichelewa kidogo bado mwaka mpya haujaisha. Pambo la Halloween likifika tarehe 1 Novemba halina kazi tena kwa miezi 11. Hapa ndipo kikundi chenye kazi nzuri hupoteza akiba yake.

Maduka ya Marekani huanza kupanga bidhaa za Halloween kabla ya Septemba, na wenye maduka huagiza miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo hesabu hufanywa kurudi nyuma. Michoro na sampuli ziwe tayari Januari na Februari. Sampuli ziwafikie wanunuzi Machi na Aprili. Mei na Juni ni kukata na kupaka rangi, kwa kukumbuka kwamba mvua ikinyesha rangi hukauka polepole. Mzigo wa meli huchukua wiki nyingi, hivyo uondoke Julai. Ndege ni ya haraka, lakini ni ghali, na mzigo mwepesi wa mbao hutozwa kwa ukubwa wa kisanduku.

Njia ya vifurushi vidogo nayo imebadilika. Zamani kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025. Anayeuza kwa njia ya mtandao aulize ushuru wa siku hiyo kabla ya kumtajia mteja bei, la sivyo mteja atadaiwa mlangoni na kifurushi kitarudi. Kwa mbao asilia, cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS. Na tangu 2008 sheria ya Marekani iitwayo Lacey Act inahusu pia mbao zilizokatwa kinyume cha sheria, kwa hiyo stakabadhi za mahali mbao zilipotoka ni za kutunzwa.

Kuna soko dogo la karibu. Nairobi ina hoteli, mikahawa na shule za kimataifa zinazofanya sherehe za Halloween. Soko hilo halimlishi kila mtu, lakini halihitaji meli, nalo humwonyesha fundi ni umbo gani linanunuliwa na lipi linarudi.

Kabla ya kutia sahihi ya mkopo

Kikundi chenye busara hakianzi na mashine. Huanza na michoro mitano, kikamlipa mwenye leza akate vipande 50, kikavipaka rangi, kikaandika saa zote zilizotumika, kikaviuza. Baada ya hapo hesabu inaonekana: plaiwudi, mkato, rangi, saa za mikono, vilivyovunjika, kisanduku, usafiri na ushuru. Kilichobaki baada ya hayo ndicho faida. Kisipobaki kitu kwa vipande 50, mashine ya mkopo haitakileta kwa vipande 5,000. Italeta deni tu, na deni halina msimu.

Hesabu ikikubali, mashine isingoje Halloween pekee. Mikono iliyojifunza kupaka malenge mwezi wa Juni itaweza kupaka beji za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba, nyota za Desemba na hilali za Idd. Mashine inayofanya kazi mwaka mzima hulipa deni lake. Inayongoja jioni moja ya mwaka humla mwenyewe.

Leza itakata chochote itakachopewa. Kujua cha kuipa, na kumaliza kazi inayobaki kabla siku haijapita, hiyo bado ni kazi ya fundi.